Ukoko

Umeme ulikatika Jumamosi, Isongole yote giza,
na kinanda cha kwaya kikafunikwa kanga kama maiti.
Kondoo tuliyemchangia alikata kamba usiku,
akapanda msituni, Mlima Rungwe ukammeza.
Fundi Asajile alileta sare kumi na nne
kwa waimbaji ishirini.
Na mvua. Mvua ya huku haipigi hodi,
inaingia na viatu.

Mimi ndiye mweka hazina.
Nilihesabu sadaka kwa tochi ya simu,
noti zimelowa, zimegandana,
kuzibandua ni kuzirarua.

Watoto walikuwa na igizo.
Mwanasesere wa Yesu, yule tuliyemnunua Mwanjelwa,
mbwa wa mchungaji alimtafuna mguu, kisha kichwa.
Mwalimu wa shule ya Jumapili akapita benchi kwa benchi:
nani ana mtoto mchanga?
Tukanyamaza. Tulijua sote.
Benchi la nyuma, karibu na mlango, pale upepo unapopita,
wanapokaa waliotengwa,
Tusekile alikuwa na mtoto.

Tusekile wangu.
Juni nilinyoosha mkono pamoja na wazee wenzangu: atengwe.
Mkono huu. Ulikuwa mwepesi kuliko nilivyotarajia.
Akahamia kwa shangazi yake, ng'ambo ya Kiwira,
salamu zikawa za kutumwa.
Alipojifungua nilipeleka mkungu wa ndizi,
nikauacha mlangoni alfajiri
kama mwizi anayerudisha.

Wakamlaza mtoto kwenye tenga la viazi.
Mariamu, miaka tisa, akamtazama
kama aliyekabidhiwa kaa la moto.
Mchungaji alihubiri. Hatukusikia neno,
bati lilihubiri kwa sauti kubwa zaidi.
Kisha mtoto akalia.
Alilia akalipita bati, akaipita mvua,
alilia kwa njaa na kwa baridi, si kwa igizo,
na Yusufu akakimbia, ndevu zimemdondoka.

Aliyetengwa havuki benchi la sita.
Tuliandika hivyo. Mwandiko ni wangu.
Tusekile akavuka.
Akaacha matope kwenye zulia jekundu,
akaketi kwenye ngazi ya madhabahu, akatoa ziwa,
akamnyonyesha Bwana mbele ya wazee wa kanisa.
Hakuna aliyekohoa.

Nimeisoma Betlehemu miaka arobaini
nikiwalaumu wenye nyumba ya wageni.
Leo niliisikia sauti iliyosema pamejaa,
ilikuwa na lafudhi yangu.
Na bado Yeye alizaliwa. Hilo ndilo linalonishinda.
Hakungoja sare zitimie,
hakungoja moyo wangu upigwe deki.
Alikuja tu, usiku, watu wakiwa vilevile walivyo,
na kama angesubiri mimi niwe tayari
dunia ingekuwa bado inahesabu sadaka gizani.

Nyumbani wali wa Kyela umeungua.
Bupe, mke wangu, aliuacha mekoni
akaenda njiani kumpokea binti yake.
Moshi kila chumba.
Tusekile yuko mlangoni, viatu mkononi,
hajui kama aingie.

Sijaomba radhi. Nilikuwa na maneno tangu kanisani,
yamelowa, yamegandana.
Nikachukua mwiko, nikabandua ukoko,
ule wa kahawia, unaolia kinywani,
aliokuwa akiugombania na kaka zake,
nikaujaza kwenye sahani yake.
Kisha nikanyoosha mikono, huu na ule mwingine,
nikaita jina ambalo sijawahi kulitamka tangu apewe,
jina la marehemu mama yangu, kwetu maana yake ni tumaini:
Lusubilo. Njoo kwa babu.

Akanicheulia maziwa begani,
kwenye koti la Krismasi, la pekee nililo nalo.

Sijalifuta.