Mbavu Kumi na Nane

Mtihani ulikuwa kesho yake, saa tatu.
Daftari liko wazi ukurasa ule ule wa juzi:
farasi, mbavu kumi na nane kila upande,
nami nimefika ya nne
tangu jua lilipozama saa kumi na moja.

Dakika tano tu, nilisema.
Nikachovya: paka aliyevaa kofia.
Nikachovya: harusi ya mtu nisiyemjua, bibi arusi analia vizuri.
Nikachovya: Nomundari wa darasani kwetu,
kalamu kazipanga kama vijiko vya wageni,
"Nimemaliza kudurusu!" Watu mia mbili wamempongeza.
Nikampongeza na mimi.
Buyu likaisha.
Asali sikuionja.

Nisiseme uongo. Simu hii hii ndiyo iliyonifunza
kano inavyopita nyuma ya goti:
mwanamke mmoja wa Chile akiuchora mguu kwa chaki
juu ya farasi aliye hai.
Lugha yake siielewi, chaki yake naielewa.
Ila baada yake alikuja mcheza ngoma,
na baada ya mcheza ngoma, kiatu
cha bei nafuu.

Asubuhi, kituo cha basi, Ulaanbaatar,
nyuzi thelathini chini ya sifuri.
Simu ilikuwa na chaji nusu; ikakata roho mkononi.
Basi halionekani, moshi wa makaa tu.
Nilitazama kioo cheusi, kikanionyesha pua yangu.

Nikaanza kuhesabu kwa kukosa kazi.
Ubavu wa kwanza. Wa pili. Vidole ndani ya glavu
vikipapasa ubavu wangu mwenyewe, koti juu ya koti,
wa tisa, wa kumi,
na wa kumi na moja ukanijia na picha.

Otgon, mdogo wangu, kule kambini kwenye mifugo.
Juzi usiku alinitumia jike letu la kahawia:
"Daktari, ana nini?"
Nikampa moyo mwekundu, nikapita.
Sasa ile picha naiona bila kioo:
mguu wa mbele, wa kushoto, hakuukanyagia sawasawa.
Chini ya goti, nyuma, panapopita kano,
palikuwa pamejaa.

Simu nikaitia kwapani, ngozi kwa chuma,
nikaiatamia kama kuku.
Basi linafika, nayo ikazinduka kwa makelele,
jumbe sitini na moja.
Sikusoma hata mmoja.
Nilipiga.
"Otgon, mguu umeugusa?
Una joto?"