Kwa Penseli

Jumatatu ya pili ya mwezi, saa moja jioni,
chumba cha nyuma cha kanisa la Bethania:
hita moja, viti kumi na viwili, watu sita.
Ndicho Chama cha Nasaba cha Cwm Rhedyn,
bonde la Welisi ambako mvua huhesabiwa kwa wiki
na kila mtu wa pili anaitwa Jones.

Ndiyo maana tuna daftari la majina ya utani:
Jones Mkate, Jones Mkono Mmoja,
Jones wa Juu na Jones wa Juu Zaidi,
na Jones Kesho, aliyekufa akidaiwa na duka.
Bila utani, anasema Emrys, nasaba ya bonde hili ni supu:
unakoroga, hujui nyama ilikuwa ya nani.

Emrys Pritchard ndiye mwenyekiti.
Alikuwa mkaguzi wa mizani sokoni; hata leo anapima.
Ukimletea babu asiye na cheti
anavua miwani, anaifuta, anaivaa.
"Pasipo hati, hapana babu."
Nimemwona akimnyang'anya mama mmoja
kabaila mzima, chai ikiwa bado mkononi.

Kiangazi hutoka na ndoo kwenda makaburini.
Maji matupu, brashi laini, sabuni marufuku.
Mawe ya huku ni sleti, hushika herufi
kuliko sisi tunavyoshika ahadi.
Nesta hulala kifudifudi kwenye nyasi,
tochi yake ikimulika jiwe ubavuni,
na jina hutoka polepole,
kama mtu anayefungua mlango asiyemjua aliyebisha.
"Catrin," anasoma. "Miaka minne. Na Owen...
siku ileile."
Tunaandika. Mvua inaanza. Tunaandika.

Mimi nilijiunga kwa sababu ya nafasi tupu.
Katika cheti cha Lowri, nyanya yake mama,
mahali pa jina la baba, karani alichora mstari
mnyoofu, kwa rula.
Huiwaza sana ile rula.
Aliitafuta mezani, chini ya makaratasi?
Na yule msichana, mtoto mgongoni,
alisimama akimsubiri aipate?

Husemwa mwacha asili ni mtumwa.
Hakuna anayesema asili nayo huacha watu njiani.
Mama akiulizwa habari hizi
aliinuka kutazama oveni,
hata siku ambazo hamkuwa na kitu ndani.
Mwana, mjukuu, kitukuu, kilembwe:
nimehesabu kwa vidole.
Mimi ni kilembwe wa mstari wa rula.

Novemba, Nesta akaleta kopo la biskuti
lililookotwa darini kwa shangazi yake.
Ndani, daftari la mkunga, Margiad Hopcyn,
ambaye kuandika kulimchosha, basi alichora:
duara, msichana; fimbo, mvulana;
duara lililokatwa, usiulize.
Kando yake, malipo: mayai sita. Nusu gunia la viazi.
Ahadi. Ahadi. Bata.
Na Machi tisa, nyumba ya Ty'n Llwyn:
duara. Shilingi mbili.
*T. Bevan wa machimboni, kwa mkono wake, usiku.*

Hita ikalia. Hakuna aliyegusa biskuti.
Emrys akavua miwani.
"Mtu anaweza kumlipia jirani," akasema.
"Shilingi mbili si baba."
Ni kweli. Nilijua ni kweli.
Akaifuta, akaifuta tena,
akaifuta hadi nikadhani vioo vitaisha.
Kisha akachomoa penseli nyuma ya sikio
akaisukuma mezani, bila kunitazama:
"Kwa wino, hapana."

Nyumbani nimetandaza chati juu ya meza ya kupigia pasi,
ndiyo pekee inayoitosha.
Juu ya Lowri, juu ya ule mstari,
nimeandika T.
Nyepesi, pumzi ingeweza kuipeperusha.
Nimeweka kifutio karibu, kama heshima.
Kisha nimekwenda kutazama oveni.