Presha Mbili

Mama ana presha. Jiko nalo lina presha.
Ya mama, daktari ameiandika kwa kalamu nyekundu:
chumvi, marufuku.
Ya jiko imeandikwa kwenye kitufe.
Mimi niko katikati, na kilo ya mbaazi
na ndoo moja ya maji ya kununua.

Huku Newala maji yana bei,
na mbaazi kavu hunywa kama mgeni asiyeaga.
Ndiyo maana nilinunua jiko hili
kwa pesa ya korosho, malipo ya pili.
Dada Sharifa akacheka hadi akakaa chini:
Dadi, sufuria gani hiyo, inafungwa kama benki!

Wazo ni hili. Mbaazi zetu chini, na chumvi yake.
Za mama juu, kwenye chombo chake, juu ya kigoda cha waya.
Mvuke mmoja, chumvi mbali.
Sasa, chombo kipi?

Nililifungua kabati kama nifunguavyo gunia ghalani:
mkono hadi chini,
kwa maana juu kila mtu huweka nzuri.

Likatoka kopo la siagi, la plastiki, limejaa vifungo.
Rudi. Jua tu la Oktoba lilikukunja masikio,
mvuke utauweza?
Bilauri nene: kwa macho, daraja la kwanza.
Lakini naikumbuka ya Bi Nangonga,
ilitolewa ikiwaka, ikatuliwa kwenye sakafu iliyolowa,
ikasema neno moja tu.
Kikombe cha enameli kimebanduka mdomoni,
na vipande vyake sijui vilishukia tumbo la nani.
Chungu cha shangazi ningekipa nafasi,
kimezoea moto; ila ubavu wake mpana
unagusa ukuta wa jiko pande zote,
na mvuke unataka njia, japo upana wa kidole.

Kisha mama akanyoosha lake.
Melamini, waridi tatu, moja limefifia.
Baba alilileta kutoka Lindi mwaka wa harusi.
— Nipikie humu.
— Mama, hili ni la kupakulia.
— Limenilisha miaka thelathini na nane.
— Limekulisha. Halijapikwa hata siku moja.
Akageukia kalenda ukutani
kama mtu anayetafuta siku ya kunisamehe.

Nyuma kabisa, limelala kifudifudi,
bakuli la stili tulilogawiwa kwenye mkutano mkuu wa chama,
jina la chama limechongwa ubavuni.
Sikuwahi kulipenda. Nililigeuza, nikalipima kwa kucha:
halina rangi ya kubanduka, halina mkono wa plastiki,
halina mshono wa risasi.
Haya, ingia wewe.

Nikalijaza nusu, kwa kuwa mbaazi huvimba
kama habari ya mnada.
Kifuniko nilikilaza, sikukikaza:
kilichofungwa ndani ya kilichofungwa
hutafuta mlango kwa nguvu.

Jiko likaanza kufoka taratibu.
Mama, bila kugeuka:
— Linapumua kama mimi nikipanda ngazi za hospitali.
— Litashusha lenyewe, mama. Halilazimishwi.
— Na mimi uniambie hivyo hivyo.

Pini ilipozama ndipo nikafungua.
Nilizipepea kwa mfuniko wa ndoo, zikapoa,
zikawa za kuliwa na si za kuunguza,
ndipo nikazimimina kwenye waridi zake tatu.
Akalipokea bakuli kwa mikono miwili.
Akaonja. Akatafuna. Akatazama mlango.
— Hazina chumvi.
— Hazina.
— Ila zimeiva.

Tukala. Katikati ya kula
kidole chake kimoja kilivuka mkeka,
kikachovya mchuzi wa sahani yangu, kikarudi.
Mimi nilikuwa nalitazama jiko.
Niliamua kwamba nilikuwa nalitazama jiko.