Jezi Namba Arobaini na Tatu

Jumatatu alfajiri, Toledo, theluji imelala kwenye maegesho.
Mimi na mashine zangu sita tumeshaamka.
Wanashusha magunia ya jezi kutoka uwanjani,
mabichi, mazito, yananuka zizi,
na pamoja na jezi wanashusha ubishi.

"Thelathini na nne!" anasema Stosh Wojtak, mtunza vifaa,
akihesabu soksi alizokwisha kuzihesabu.
"Miaka miwili kakaa kwake anauza mashine za kukata nyasi,
leo karudi, tunamlipa milioni mbili.
Kwa hela hiyo ningepata vijana watatu na chenji ikabaki."

Pruitt wa takwimu hainui macho kwenye kishikwambi.
"Yadi mbili nukta tisa kila akipewa mpira."
Anaitaja namba hiyo kama daktari anavyotaja ugonjwa,
taratibu, ukiwa umeshakaa kitini.
"Mkimbiaji akivuka thelathini mstari unashuka.
Sijaona uliopanda."
Ananionyesha mstari. Kweli unashuka.

Delphine wa jikoni, aliyeanza kumlisha Ordell Gaskins
tangu Ordell ana nywele,
anatua trei kwa kishindo:
"Ng'ombe hazeeki maini!"
"Hakuajiriwa kwa maini," anajibu Stosh, "aliajiriwa kwa miguu."
Wanacheka. Delphine naye anacheka,
kisha anakasirika kwamba amecheka.

Mimi sikuulizwa.
Dobi ana neno gani kwenye mambo ya mpira?
Ila mwaka wa kumi na tisa huu nazisoma jezi zao,
na jezi haijui kutia chumvi.

Zamani namba ishirini na nane ilikuwa yake.
Ilinirudia karibu safi,
pindoni tu pamefumuka nyuzi mbili tatu,
pale kidole cha mtu kilipomkosa.

Sasa ishirini na nane anayo kijana, Tavarius,
Ordell kapewa arobaini na tatu,
namba ya mtu aliyekuja kujaribiwa.
Hakunung'unika. Au alinung'unikia kwake.

Nazitandaza mezani zote mbili.
Ya kijana ina nyuzi zilizofumuka pindoni.
Ya mzee (nasema mzee, na mimi nimemzidi miaka ishirini)
ya mzee ina rangi za kofia za watu:
nyekundu ya jana,
buluu ya Jumapili ile,
zimekwaruza begani, kifuani, chini ya shingo,
rangi isiyosikia sabuni, wala siki, wala brashi.
Kila jitu lililokuja kumvunja kijana mbavu
lilipitia hapa kwanza.

Nilimuuliza Pruitt hilo linaandikwa safu gani.
Akajikuna shingo.
"Hilo gumu kulihesabu, Bi Idella."

Lakini nisiwe wakili wa mtu.
Ndani ya soksi ya kushoto nimekuta bandeji ya goti
imekunjwa ndogo, ndogo kabisa,
kama mtoto anavyoficha ripoti ya shule.
Damu yake haikuwa ya jana tu.
Basi huenda Stosh ana haki.
Huenda milioni mbili ni nyingi
kwa mtu wa kupokea vichwa vya wenzake kifuani.
Huenda ni chache.
Bei ya kazi hiyo sijui inapangwa na nani.
Mimi nalipwa kwa kilo.

Jumatano akaja mwenyewe, kofia ya sufu hadi nyusi.
"Imetoka?"
"Haijatoka. Nikupe mpya?"
Akaigeuza jezi, akaigeuza tena,
akapitisha kidole gumba juu ya ile nyekundu.
"Iache."
Akaining'iniza shingoni ikiwa bado na moto wa mashine,
bandeji nikamtilia mfukoni, tusitazamane,
akashuka ngazi zangu saba
kashika ukingo kwa mikono miwili,
moja,
akapumzika,
moja.