Blanketi la Meza

Nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri.
Gereji yangu ya Winnipeg haina hita, ina mimi.
Jana gundi iligandia ndani ya kiungo, ikawa chokaa;
nikauvuta mguu wa meza kidogo tu,
ukanibaki mkononi.

Udongo uwahi ungali maji, nilifunzwa.
La kufanya maji yakiwa jiwe, hakuna aliyenifunza.

Basi chupa ya gundi imelala nami kitandani,
kwapani, kama kipimajoto cha mgonjwa.
Mwanahawa kageukia ukutani:
"Siku hizi mna siri, wewe na hiyo chupa."

Kopo la vanishi nimeliogesha kwenye sufuria
ya maji ya moto, yale yasiyochoma nyumba,
mpaka uzito ukalegea, brashi ikateleza
kama kijiko kwenye asali ya Tabora.

Jirani yangu Orest kaja akikanyaga theluji,
kabeba boksi la friji na balbu mbili za zamani,
zile zinazokula umeme na kutapika joto.
"Taa za siku hizi," anasema, "zina akili, hazina moyo."
Boksi tumelikata kwa kisu cha mkate,
tumeijengea meza nyumba ndani ya nyumba,
balbu mbali na mbao, maana vanishi na moto si ndugu,
na juu ya yote, blanketi jekundu tulilokuja nalo.

"Meza imepata blanketi. Na mimi?"

Sikujibu. Nilikuwa nachungulia kipimajoto tunduni:
tisa. Kumi na mbili.
Kumi na saba.
Nikazima hata redio, nisije nikaishtua.

Vanishi ni hina, Mwanahawa, wewe unaijua:
ukiigusa mapema, itakusema mbele ya watu.
Usiku kucha nikawa natoka, naingia,
kope zinanata kwa barafu,
naogopa baridi, naogopa na joto lenyewe.

Alfajiri nikafunua.
Mwaloni unang'aa, mistari yake yote inasomeka,
ila karibu na pembe, uzi mmoja mwekundu
umezama ndani ya vanishi, haubanduki.
Nikashika msasa.
Nikauweka chini.

Ijumaa, akipanga sahani, Mwanahawa kauona.
Kaupitishia ukucha mara moja, mara mbili,
kisha kavuta kiti.
"Hapa," kasema, "ni kwangu."