Alama ya Kucha

Mume wangu Birahim Gey alikuwa mpima karanga
kwenye ghala la Kaolaki, miaka ishirini na saba.
Wakulima walipita maghala matatu na mikokoteni yao ya farasi
kumfuata yeye,
kwa kuwa alisoma mizani mikono kaifunga mgongoni,
watu waone kwamba kidole gumba chake
hakina hisa katika gunia la mtu.

Alipomwoa Kine, mizani ikahamia nyumbani.
Daftari la ghala, penseli ya zambarau:
siku mbili M, siku mbili K,
hadi Ramadhani, hadi Idi ya kuchinja.
Kitenge kilikatwa kwa futi ileile.
Samaki alipasuliwa kuanzia jicho hadi mkia,
nami jicho langu nikampa paka,
Birahim aone nilichokuwa nakidai hakikuwa kwenye sahani.

Maana kwangu alikuja kulala.
Kwa Kine, na ukuta wa udongo hauna siri,
alikuja kucheka.

Siku moja nikamuuliza:
kicheko nacho, unakipima kwa kilo au kwa debe?
Akanyamaza kama mtu aliyekumbushwa deni analolijua.
"Maget," akasema, "mikono hii naimiliki.
Moyo uko kwa aliyeuumba."
Nikasema: mbona kila usiku wauona mlango wa Kine bila taa?

Kila msimu alitumwa Tambakunda, wiki tatu,
na mmoja wetu alikwenda naye. Kura iliamua:
maganda mawili ya karanga ndani ya kofia yake,
la punje mbili ni safari, la punje moja ni kubaki.
Kine alitangulia kuchagua, maana ni mdogo.
Mwaka wa kwanza, punje mbili.
Wa pili, punje mbili.
Wa tatu niliokota ganda lake sakafuni
nikaona mkato wa kucha, mwembamba kama mwezi mwandamo,
pale ambapo kidole kinachopapasa hakiwezi kukosa.

Sikusema.
Lile ganda nililitia kwenye kopo la ubani.
Kila zamu yangu nilimpa maji ya kunawa, wali, na mgongo.
Miaka tisa.
Ghalani walimwita Birahim Haki,
nami nikitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.

Kisha kiharusi. Alfajiri, akitawadha,
mkono wa kushoto ukamsahau.
Wanawake waliokuja kutupa pole walinong'ona,
vijiko vikigonga bilauri za chai:
anayeelemea kwa mke mmoja atafufuliwa ubavu umeanguka,
huyu kaletewa wake mapema.
Daktari alisema ni presha na chumvi.
Nami, Mungu anisamehe, nilihisi kitu kama shibe.

Sasa tunamwosha pamoja,
Kine upande ulio hai, mimi upande uliolala.
Jana, sabuni mkononi, bila kunitazama, akasema:
"Lile ganda. Kucha ilikuwa yangu.
Alinituma jikoni nichague karanga za kura,
nikaitia alama kabla sijampa kofia.
Hakujua. Mpaka leo hajui.
Nilikuwa na miaka kumi na tisa, Maget.
Niliogopa kuachwa humu na ukimya wako."

Maji yakapoa ndani ya beseni.
Nilihesabu: miaka tisa, mbili kwa mbili,
mgongo nilioupima mwenyewe, gumba langu juu ya mizani,
na mtu yule mikono yake ilikuwa nyuma.
Na huyu Kine, ningemtia kwenye kopo gani?

Daftari ninaandika mimi siku hizi. Usiku ulikuwa wa K.
Nilibaki.
Niliusugua mkono usiohisi
polepole, kana kwamba unahisi.
Kine akasema upuuzi fulani kuhusu paka wetu,
kwamba amezeeka akisubiri jicho,
na mdomo wa Birahim ukapanda, nusu tu,
na kile kicheko nilichokijua kwa ukuta
nikakisikia nikiwa ndani ya chumba.