Mizani ya Tisa

Guo Renshu, fundi wa mitambo kule kiwandani,
alinipa kitabu siku mkataba wake ulipokwisha,
amekitia ndani ya mfuko wa halwa.
Ukurasa wa kulia Kiarabu, wa kushoto Kichina.
Akasema: Huyu alikuwa karani kama wewe.

Si karani. Mshauri. Pei Songhe,
aliyesimama hatua saba kutoka kiti cha enzi
miaka kumi na minane, macho chini,
hata siku alipoulizwa: Ziwa la mashua za starehe tulichimbe wapi?
Akajibu: Mtukufu, ziwa la nini?
Watu wa bondeni wanalamba umande.
Wakampeleka kusini, kwenye mji
ambao hata tarishi akiufikia hushikwa na homa.

Namsoma usiku, Sohar, mtaa wa nyuma ya ngome,
kiyoyozi kinakohoa, Mama chumba cha pili
yuko kwenye simu na Pemba, wanabishana bei ya papa mkavu.
Kiarabu nakijua, ndicho kinachonilipa mshahara,
lakini Pei haniingii
mpaka nimpitishe kwenye Kiswahili,
lugha tunayoivaa tukishavua viatu mlangoni.
Basi nahesabu kwa vidole, nane, nane, nane:

*Niliandika barua,
wenye enzi wakajua,
kisha wakaichukua
wakafungia karanga.*

Karanga ni zangu. Kitabuni ni tangawizi,
ila tangawizi inazidisha mizani moja,
na mtu aliyeshushwa cheo mara tatu,
nilijiambia, hatagombana na mimi kwa silabi.

Barua yangu mimi ilikuwa kurasa nne.
Nilieleza kuwa falaji ya kijiji cha babu
imepungua shibiri mbili tangu vilipochimbwa visima
vya kunyweshea nyasi za hoteli,
kwamba mindimu inakauka kuanzia ncha,
kama mtu anayekufa ganzi vidole.
Nikaambatisha picha. Nikaambatisha vipimo.
Mudiri akasema ahsante
kwa sauti ya mtu anayesukuma droo.
Baada ya Idi nikapewa ghala la vifaa:
rimu za karatasi, wino wa mashine, pini.
Sasa nina karatasi kuliko mshauri yeyote aliyewahi kuishi.

Pei zilimwishia.
Akaandika mashairi nyuma ya taarifa zake mwenyewe
zilizorudishwa bila kufunguliwa:
huku mbalamwezi, huku bei ya mtama;
huku bata wawili, huku hesabu ya kingo zilizobomoka.
Mnakili aliyekuja baada ya miaka mia
hakujua upande upi ndio shairi,
akanakili pande zote.
Mimi pia nimesoma ile ya kingo mara nyingi zaidi.

*Nimepewa mji mbali,
mbu wengi, jua kali,
napalilia figili,
shauri lingali changa.*

Ijumaa nilimsomea Mama, anakata saladi.
Alisikiliza mpaka mwisho, akakamua ndimu,
ndimu ya dukani, haina harufu,
akauliza: Na mkewe?
Mkewe nani?
Huyo Mchina wako. Huko kwenye mbu alikwenda peke yake?
Nani alimpikia hizo figili?

Nikarudi kitabuni. Kurasa mia mbili na kumi na mbili.
Wafalme watatu wana majina, farasi wana majina,
hata towashi aliyemchongea ana jina na kaburi.
Nikampigia Guo, kwao kulikuwa usiku wa manane,
akaenda kutazama upande wa Kichina,
nikamsikia anafungua kurasa, anapiga miayo.
Mstari mmoja, akasema. Hauna kichwa.
Uko nyuma ya taarifa ya mwisho, ile ya maghala ya chumvi.

*Aliyenisagia wino
amelala.*

Nikahesabu. A-li-ye-ni-sa-gi-a-wi-no.
Tisa.
Nilijaribu kuukata hadi adhana ya alfajiri.
Nimeuacha hivyo hivyo,
na zile karanga nimezifuta.